Mwenye Ndoa Hajafika, Tonton

Tonton Gervais,

Usishituke kwa mwandiko huu. Ni mimi, Sabuni, muosha-pikipiki wa mtaa wa Kasha, yule uliyesema herufi zake zinatembea kama kuku waliokunywa pombe ya kasiksi. Sasa umelala huko kwenye udongo, kalamu nyekundu huna, utaisoma hivyo hivyo ilivyo. Nikikosea, nani atanigonga vidole kwa rula? Hakuna. Hiyo ndiyo faida ya pekee niliyoipata katika kifo chako. Nimetafuta ya pili, sijaiona.

Naandika nikiwa nimekaa juu ya bidoni yangu ya maji, pale pale mto unapoingia ziwani. Mvua imepiga tangu asubuhi. Hakuna mwenye moto anayetaka kuilipia pikipiki yake sabuni wakati mbingu inaosha bure. Mto umeshusha uchafu wote wa mitaa ya juu, na chupa za plastiki zimejaa kwenye matope mpaka ndege wanatembea juu yake kama wanafunzi wa Bagira siku ya mvua, mguu hapa, mguu kule, wakichagua pa kukanyaga. Ungekuwepo ungekasirika. Ungepanda mpaka kwa chefu wa mtaa, ungemmwagia Kifaransa chako kirefu, naye angesema "oui, professeur, oui," na kesho yake chupa zingekuwa nyingi zaidi.

Sasa nakasirika peke yangu. Kukasirika peke yako hakuna utamu hata kidogo.

Na kule kwenye mafunjo, upande wa kushoto, mtu amesimamisha miti na kufunga kamba. Anauza viwanja. Anauza maji, Tonton! Anamwambia mteja, "Hapa sebule, hapa chumba," na chura anajibu. Nimemuuliza kama bei ni pamoja na mbu. Alinifukuza na jiwe. Jiwe lilikosa, unajua mimi ni mwepesi, lakini miti bado imesimama, na kila juma inaongezeka.

Hiyo ndiyo habari ya matope yako. Sasa tuzungumze sisi wawili.

Siku ya kwanza hata hukunisalimia. Ulitoka kwenye mafunjo na mabuti yako ya mpira, darubini imening'inia shingoni kama medali ya mtu aliyeshinda mbio, ukapiga kelele: "Wee mutoto! Unaosha moto ao unaosha ziwa?" Nami nikakujibu, "Tonton, na ziwa nalo iko chafu, nalisaidia." Wateja wangu walicheka mpaka mmoja akaangusha moto yake. Wewe hukucheka. Ulinishika mkono, ukanivuta kama mwanafunzi aliyekamatwa anakojoa kwenye ukuta wa shule, ukanionyesha povu langu lilivyoshuka na mto, likatanda juu ya matope kama shuka. Ndege walikuwa wameondoka wote. "Wametoka mbali kuliko baba yako na babu yako walivyowahi kutembea," ulisema, "na wewe unawawekea sabuni mu chakula."

Toka siku ile nikawa Sabuni. Na toka siku ile, kwa sababu ulikuja kila asubuhi kunisumbua, nikaanza kuosha moto kwa beseni na kumwaga maji machafu juu, kwenye majani, mbali na mto. Wenzangu walinicheka. Niliwaambia ni mtindo mpya, unang'arisha zaidi. Waliamini. Mimi nikisema kitu watu wanaamini, hicho ni kipaji, ndiyo maana shule ilinichoka mapema. Wewe ulisema shule haikunichoka, ni baba yangu aliyeshindwa kulipa. Ulikuwa na tabia mbaya ya kusema ukweli mahali ambapo uongo ulikuwa umeshakaa vizuri.

Usisahau kwamba majina ni mimi niliyeyatoa. Wewe ulikuwa na Kilatini chako, maneno ya misa ya zamani. Mimi niliangalia mara moja tu, nikabatiza. Yule mdogo, mgongo wa kahawia na tumbo jeupe, anayetikisa mkia na kuinamisha kichwa, ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama karani mbele ya mkubwa wake: Ndiyo-Patron. Yule mrefu kidogo mwenye miguu ya kijani: Soksi. Na yule mwenye miguu mirefu myekundu, anayekanyaga matope kana kwamba matope yamemkosea: Binti wa Muhumba, kama wale wa mtaa wa matajiri. Ulisema haifai, sayansi si mchezo. Kesho yake nikakukuta umeandika Kilatini upande mmoja wa daftari, na majina yangu upande wa pili, kwa kalamu, siyo penseli. Niliosha moto tatu bila kufungua mdomo, jambo ambalo halijawahi kutokea tena.

Ukanifundisha mengine. Kwamba mvua za kwanza zikigonga mabati, ndipo wanapofika kutoka kwa wazungu, bila viza, wamechoka mpaka wanasinzia kwa mguu mmoja. Kwamba wanakaa hapa wakila funza wa matope yetu, na masika yakipamba moto, wakishanenepa kama abbé wa parokia baada ya Pasaka, siku moja unaamka na matope ni matupu. Na kwamba mtu anayeandika hapaswi kuandika siku nzuri peke yake. Siku ambayo hakuna hata mmoja, unaandika sifuri. "Sifuri iko hesabu," ulisema. "Anayeficha sifuri, na kumi yake usiamini."

Halafu kulikuwa na yule mmoja.

Ndiyo-Patron kama wenzake, lakini mguuni ana pete. Nyekundu, ndogo, juu ya ile ya chuma. Kila msimu anarudi, na kila msimu anasimama juu ya ule mtumbwi uliooza, ubavuni, si mbele wala nyuma, pale pale, kama mzee mwenye kiti chake kanisani. Akija mwingine kukaa pale anamfukuza. Wewe uliniambia kuna watu ng'ambo waliomvalisha pete ili tujue ni yeye. Mimi nikamwita Mwenye Ndoa, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyefunga, wale wengine wote ni yaka-tofanda, wanakaa tu pamoja bila padri. Hapo ulicheka, Tonton. Ulicheka mpaka ukatoa darubini shingoni, ukajifuta macho, ukasema nisirudie hiyo mbele ya Maman Riziki, maana mkeo ni mtu wa kwaya. Nilirudia jioni ile ile. Naye alicheka kuliko wewe.

Sasa nafika pale ambapo sipendi kufika.

Mwezi wa tatu. Wamenenepa, wako karibu kuondoka. Mimi nina moto ya mtu mkononi, imejaa povu. Walikuja wenye bunduki, wachache, wanatembea kando ya maji. Sisemi ni wa nani. Wewe unawajua, na mimi bado napenda meno yangu. Wakakuona umesimama kwenye mafunjo unaangalia ziwa kwa darubini.

Mtu yeyote wa Bukavu anajua la kufanya. Mimi ningesema natafuta mbuzi wangu. Ningesema naangalia wasichana wanaooga, wangecheka, wangenipiga kofi, wangechukua darubini, basi, nimekwenda nyumbani. Lakini wewe! "Karibuni, karibuni, mukuye muangalie." Ukampa yule mdogo kabisa, mtoto wa umri wangu, ukamshika bega ukamwelekeza kwenye mtumbwi. "Ile yenye pete. Inatoka Ulaya. Naandika siku inafika, upande inatokea na siku inaondoka, na ninatuma kule ng'ambo."

Nilikukonyeza mpaka jicho likaniuma. Nilikohoa. Niliangusha beseni makusudi.

Yule mtoto akauliza, "Nani alifunga ile chuma? Inakuletea habari gani?"

Na wewe ulifurahi. Hicho ndicho kinachonirudia kila siku, Tonton, si bunduki, si kofi la kwanza. Nilikuona usoni. Ulifurahi, kwa sababu mwanafunzi ameuliza swali.

Walikuchukua na darubini yako, na kaye yako ya kuandikia, na kila kitu. Maman Riziki alizunguka milango yote ya mji huu na kila mlango ulimwambia si hapa. Wakati walipokuachia hawakukuleta nyumbani, walikuacha kando ya barabara ya Bagira kama gunia, na dereva wa minibus ndiye aliyekuokota. Mabuti hayapo. Pete yako ya ndoa haipo. Kifua chako kililia kama pompa ya baiskeli iliyotoboka, na hakikunyamaza tena mpaka mwisho.

Ukalala kwenye kile chumba ambacho dirisha lake linaangalia ukuta wa jirani. Kiangazi kizima. Nilikuja kukutembelea na kukuambia habari za mtaa, nyingi zilikuwa za uongo lakini nzuri. Halafu asubuhi moja mvua ikagusa mabati, kidogo tu, kama mtu anayepiga hodi na kuondoka. Ukafungua macho. "Sabuni," ukasema, "nani amefika?"

Nilikuambia, Tonton, darubini hakuna, kaye hakuna, na mtu akinikuta naandika kando ya ziwa nitalala hapa karibu yako, na kitanda ni chembamba. Ukafikiri. Ukaniuliza, vizibo vya chupa viko wapi mu hii mutaa? Kila mahali, nikasema, hii ni Kasha. Ndipo ukanifundisha. Kizibo cha bia ni Ndiyo-Patron. Cha sucré, cha soda, ni Soksi. Cha maji, Binti wa Muhumba. Mfukoni mwa kulia vimejaa, mfukoni mwa kushoto hakuna. Ndege mmoja, kizibo kimoja kinahama. Anayeniona anaona mjinga anacheza na vizibo huku anasubiri wateja. Kazi hiyo ilinifaa kabisa, na usijibu.

"Lakini," ukasema, ukanishika mkono na nguvu ambayo sikujua unayo bado, "usihamishe kizibo kwa ajili ya ndege unayemufikiria. Ile uliona kwa macho, njo unahamisha."

Kila siku nilipomaliza kazi nilikuja kumwaga mfuko wa kushoto juu ya blanketi lako. Ulivitenganisha kwa vidole, polepole, kama mama anayechambua maharagwe, ukanitajia, nami nikaandika kwenye kaye ya shule ya mjukuu wako, nyuma ya hesabu zake za kugawanya. Soksi walifika. Binti wa Muhumba walifika, wachache, wakiringa. Ndiyo-Patron walifika wakiitikia ndiyo kwa kila mtu. Kila kizibo kilikupandisha kidogo kwenye mto wa kulalia. Maman Riziki alisimama mlangoni na kitambaa chake na sikuelewa kama anatabasamu au anauma midomo.

Na kila siku, vikishapangwa, swali la mwisho: "Na Mwenye Ndoa?"

Yeye nilimtengea kizibo chake peke yake, cha rangi ya dhahabu, kilikaa mfuko wa shati. Kila siku nilipigapiga mfuko ule kukuonyesha kwamba bado kiko pale. "Bado, Tonton."

Wenzake wote walikuwa wameshafika. Msimu mwingine wowote angekuwa amekwisha kufika. Mtumbwi ulisimama na ubavu wake mtupu, na hata wale wengine hawakuthubutu kukaa pale, kana kwamba bado anawafukuza.

Halafu ile siku ambayo padri alikuja na mafuta. Nilikuta viatu vingi mlangoni. Maman Riziki alinivuta nyuma ya nyumba, kwenye mbabula ya makaa, macho mekundu. Akaniambia: "Leo umuambie ilikuya. Neno moja tu, Sabuni. Apumzike." Nikaanza kuondoka. "Wewe njo fundi wa bongo, fundi wa kudanganya, mu hii quartier yote! Ulisema ulivua samaki kubwa sawa mulango, mu ziwa ya sambaza ndogo-ndogo! Leo njo uongo inakushinda?" Kaka yako mkubwa, yule wa Kabare mwenye fimbo, naye akaja akanisimamia: "Mutoto, ni huruma. Mungu hahesabu uongo ya huruma."

Niliingia. Kile kizibo cha dhahabu nilikuwa nacho kwenye ngumi. Wote walikuwa mlangoni wananiangalia. Nilimwaga mfuko wa kushoto juu ya blanketi. Hukuweza tena kuvitenganisha, nilivitenganisha mimi. Midomo yako ilifanya lile swali bila sauti.

Tonton, mimi nimedanganya mapolisi. Nimedanganya wasichana wawili wa nyumba moja. Nimemwambia mteja kwamba moto yake imeng'aa kuliko siku aliyoinunua. Neno lilikuwa tayari mdomoni, na utamu wake nilikuwa nauonja.

"Bado, Tonton."

Ulifumba macho. Ukasema, na hiyo sauti niliisikia mimi peke yangu kwa sababu nilikuwa nimeinama: "Bien. Andika sifuri."

Hukuuliza tena.

Matanga yako yalikuwa makubwa, ufurahi. Wanafunzi wako wa zamani walijaa mpaka barabarani, wengine wana mvi. Nililala nje pamoja na wanaume siku zote, kwenye moto wa kuni. Watu wanasema nililia. Ulikuwa moshi. Lakini sahani zilipopita, yangu haikupita. Maman Riziki aligawia wote, akanipita kama moto isiyo na breki. Nilimsikia anawaambia wale mama wa kwaya: "Ule pale. Alimunyima muzee wangu neno moja." Mama wale waligeuka wote pamoja wakaniangalia, na sijawahi kuangaliwa vile hata na wenye bunduki.

Nilianza kufikiri kwamba ana haki. Bado nafikiri hivyo, siku nyingine. Nikiwa naosha matairi nasema: Sabuni, mtu alikuwa anakufa, na wewe ulikuwa na kizibo mkononi. Ungepungukiwa nini? Ndege wangejua? Halafu nakumbuka walikufanya nini kwa sababu ulisema ukweli, nasema, kumbe hata huo ukweli wenyewe haukukusaidia kitu. Naenda kwenye matope, nahamisha vizibo vyangu kutoka kulia kwenda kushoto. Sina wa kumwagia. Navimwaga kwenye kopo la sabuni, vinalia ngala-ngala-ngala, basi.

Ikafika siku ya kuondoa matanga. Unajua desturi: ukoo mzima unashuka majini kufua nguo za marehemu, maji yachukue kifo yaende nacho. Kaka yako alichagua mahali. Alichagua hapa, mdomoni mwa mto, kwa sababu hapa maji yanaondoka kweli kweli na hayarudi. Nikawaona wanateremka, wanawake na mabeseni vichwani, watoto, kaka yako mbele na fimbo yake, Maman Riziki katikati amebeba mashati yako yamefungwa kwenye kitenge. Walikuwa na sabuni ya unga mfuko mzima. Na kwenye matope walikuwapo Soksi, na Ndiyo-Patron, na Binti wa Muhumba, wanakula baada ya mvua.

Sijui nani alinisukuma. Nilisimama kwenye njia na mikono nimeitandaza kama kipa.

"Hapa hapana sabuni," nikasema.

Ebu fikiria. Mimi! Nimeshakuwa mtu mbaya wa ukoo, na sasa nawazuia kufua nguo za marehemu wao. Kaka yako alinyanyua fimbo. "Wewe njo nani?" Nikamwambia mimi ndiye muosha-moto wa hapa, na mwenye hizo nguo alinikataza kumwaga povu kwenye mto huu, na nimekaa na katazo hilo miaka yote, na leo silivunji kwa nguo zake mwenyewe. Mufue kwa beseni, nikasema. Mabeseni yangu haya, chukueni. Maji mumwage juu, kwenye majani.

Wanawake walinung'unika. Kaka yako alichimba matope kwa fimbo, na kwa kweli hoja yake ilikuwa nzito: "Maji ya kifo unataka tumwage kwa majani? Unataka kifo ibakie hapa, kando ya watu?"

Nilibaki nimetandaza mikono, kipa aliyekwisha kufungwa.

Ni Maman Riziki aliyejibu. Alipita katikati yao, akachukua beseni langu, lile la bluu lenye ufa, akaweka shati lako la Jumapili ndani. Hakuniangalia. Akasema, "Alikuwa anashinda hapa kuliko nyumbani. Abakie."

Akafua. Akafua kama mtu anayegombana na shati. Alipomaliza alipanda mwenyewe mpaka kwenye majani, akamwaga maji, akasimama akaangalia yanavyozama kwenye udongo. Wengine nao wakapiga magoti, mmoja mmoja, wakachukua mabeseni. Kaka yako alibaki mwisho. Alifua soksi zako mbili, kwa mikono yake, mzee yule, na fimbo ameibana kwapani. Ndege hawakuruka. Walitikisa mikia tu.

Nilikuwa nakusanya mabeseni Maman Riziki alipokuja nyuma yangu. Mikono yake ilikuwa bado inatiririka. Wote walikuwa wamesimama karibu, wanasikia.

"Ile ndege yenye pete," akasema. "Ilikuya?"

Wote walitaka ndiyo. Nguo zako zimetandazwa kwenye nyasi, watoto wana vichwa vilivyonyolewa, siku imekaa vizuri kabisa kwa muujiza mdogo. Hata Ndiyo-Patron kule nyuma walikuwa wananiitikia, ndiyo, ndiyo, ndiyo.

"Hapana, maman," nikasema. "Haiyafika."

Nilingojea kofi. Nilishageuza shavu lile lisilo na chunusi.

Alikaa chini kwenye majani yaliyolowa. Akajifunika uso na kitenge. Aliposema, sauti ilitoka ndani ya nguo: "Basi zile zingine zote ulikuwa unamuletea, kumbe zilikuwa za kweli."

Nikasema ndiyo, maman. Zote. Kizibo kwa kizibo.

"Nilikuwa najiuliza," akasema. "Kila siku nilikuwa nasimama pale mulango nikijiuliza: huyu mutoto wa bongo, anaokota tu vizibo mu njia, anamufurahisha muzee. Nikasema ni sawa, afurahi. Lakini ile siku ulikatala…" Akanishika kifundo cha mguu, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu, akakishika kwa muda mrefu. "Kumbe walikuya. Kumbe alikufa wamekuya kweli."

Moshi haukuwapo siku ile, Tonton, kwa hiyo sina kisingizio.

Sahani yangu ilinifikia jioni. Bugali, sombe ya majani ya muhogo, na samaki mmoja mkubwa. Nimesema mkubwa. Alikuwa kama kidole.

Sasa habari ya mwisho. Mwenye Ndoa hajafika. Mvua zimezeeka, Noeli inakaribia, na ubavu wa mtumbwi ni mtupu. Nafikiri hatafika. Labda alichoka juu ya jangwa, labda kuna mtoto mahali fulani alimtegea kamba kwa sababu ya njaa, labda mtu aliona ile pete akaogopa, kama walivyoiogopa hapa. Ulisema tusiandike yale tunayoyafikiria, kwa hiyo siandiki. Naandika sifuri. Nimeandika sifuri nyingi mpaka mwandiko wangu wa sifuri umekuwa mzuri, ungeona ungenipa pointi zote. Na ile miti ya viwanja nayo naiandika, upande wake, kwa sababu mwakani labda hakutakuwa na matope ya kuandika, na angalau itajulikana yaliondoka lini.

Maman Riziki anashuka hapa siku ambazo hana kwaya. Anageuza beseni langu la bluu, anakaa juu yake, anaongeza ufa. Nimempa vizibo vyake. Anahesabu na yangeyange! Nimemwambia, maman, hawa ni wakaaji, wana kitambulisho, tunahesabu wageni. Anasema wote ni viumbe vya Mungu. Ni mwanafunzi mgumu. Sasa nakuelewa kidogo, ulivyoteseka nami.

Lala, professeur. Lala bila kukohoa. Sikuahidi kwamba nitaacha uongo, usicheke, mtu lazima ale. Wateja wangu wataendelea kuwa na moto zinazong'aa kuliko zote za Kongo. Lakini kwenye matope haya nakuahidi: sitahamisha hata kizibo kimoja kwa ndege niliyemfikiria. Mwezi wa tatu wakiondoka nitakuwa hapa kuandika siku wanayoondoka, na mvua zikigonga tena mabati nitakuwa hapa kuandika nani amefika, kama matope yatakuwapo, na kama nitakuwapo mimi. Kile kizibo cha dhahabu bado kiko mfuko wa shati. Nimeuziba mfuko kwa sindano kisije kikaanguka.

Maman anateremka sasa na mwavuli wako, nafunga. Hesabu ya leo, mvua, upepo kutoka ziwani: juu ya mtumbwi, sifuri. Kando ya maji, watu wawili.

Ni mimi,
Sabuni